Karatasi ya Salomon

Kamina, tarehe 12 mwezi wa tatu 1957

Shemeji Philémon,

Habari yako, na habari ya Yaya Mujinga, dada yangu mukubwa, na mutoto yenu Suzanne? Minyi niko muzima, kazi ya ofisi ku gare ya treni inaendelea. Leo ninakuandikia na furaha: komite ya Ligi ya Kamina imekubali. Kiboko ya Kinkondja inaingia mu divizio ya pili mwaka huu. Sasa weye mwalimu, utafutie bavuvi bako viatu.

Uliniuliza namna gani mambo ya ligi inaenda. Sikiliza. Tuko timu sita: Nyota ya Reli, njo sisi, kisha Kaniama, Bukama, Kabongo, bafundi ba ku Base ya askari, na ninyi. Kila timu inakutana na ingine mara mbili, kwao na kwenu, michezo kumi. Ukishinda, pointi mbili. Sare, moja. Kwisha musimu, timu ya kwanza inapanda divizio ya kwanza bila maneno. Ya pili inacheza baraji: mchezo moja tu, mu kiwanja ya bengine, na timu ya divizio ya kwanza yenye inakaribia kushuka. Ya tatu inarudia nyumbani, basi.

Angalia sana lisansi, ile ruhusa ya muchezaji. Muchezaji hawezi kubadilisha timu katikati ya musimu kama timu yake ya zamani haimupe karatasi ya kutoka, na sahihi ya mukubwa wa timu, na kashe, ule muhuri. Akicheza bila ile karatasi, michezo yote alicheza inafutwa. Kwa hiyo chongesha kashe mbele ya yote.

Weye unajua: minyi niko sekretere wa Nyota miaka saba. Mara mbili tulifika baraji, mara mbili tulianguka. Bazee ba depo banasema tuko kama treni yenye inapiga filimbi na haitoki. Mwaka huu tunatoka.

Shemeji yako,
Ambroise Kapenda


Kinkondja, tarehe 2 mwezi wa nne 1957

Shemeji Ambroise,

Tumefika salama kutoka kwenu. Kipigo cha mbili kwa moja hakiui mtu. Safari ndiyo inayoua: siku moja na nusu ndani ya bato, meli ya mtoni, mpaka Bukama, kisha treni. Tulibeba samaki wakavu kama chakula, na harufu ilipopanda, abiria wote wakahama. Tukasafiri peke yetu ndani ya behewa zima kama wakubwa wa serikali.

Kashe ipo. Fundi wa mitumbwi alichonga kiboko kwenye kipande cha mti. Anafanana na nguruwe, lakini jina linasomeka. Mujinga anaiweka ndani ya sanduku lake pamoja na jezi, maana yeye ndiye aliyezishona na ndiye anayezifua. Wachezaji wanamwogopa yeye kuliko mimi.

Ulimwona Salomon Mwanza, yule aliyefunga goli letu? Tangu utoto anavuta nyavu amesimama juu ya mtumbwi. Ndiyo sababu hakuna anayeweza kumwangusha. Tukiwa naye, hata hiyo baraji unayoisema, tutaigusa.

Mujinga anakusalimu. Barua zako za mpira ninamsomea kwa sauti anapopika, na yeye anacheka kabla sijafika kwenye kichekesho.

Shemeji yako,
Philémon Kyabu


Kamina, tarehe 20 mwezi wa tano 1957

Shemeji,

Nisikuzungukie. Salomon iko hapa. Alifika ku gare na kifurushi moja, akauliza nyumba ya ndugu ya bibi ya mwalimu. Anasema samaki mwaka huu ni kidogo, na anataka kuoa. Nilimutafutia nafasi mu kundi ya bale batengenezaji ba njia ya treni. Alianza siku ya kwanza ya juma.

Sasa, muntu anakaa Kamina, anatumika ku reli, anakula na ba reli. Haitakuwa muzuri achezee reli pia? Ninakuomba karatasi ya kutoka. Weka sahihi na kashe, utume na treni.

Tumebakiza michezo tano. Tunakosa tu muntu moja wa mbele. Minyi sikukuombaka kitu tangu ulioa dada yangu.

Ambroise


Kinkondja, tarehe 29 mwezi wa tano 1957

Shemeji,

Kwa kazi uliyompatia Salomon, ninakushukuru kwa mikono miwili. Mama yake alilia kwa furaha hapa mlangoni petu.

Karatasi, hapana. Si kwa ubaya. Hapa kuna wanaume kumi na wanne wanaoacha nyavu zao siku nne kila wakienda kucheza kwenu. Nikiwaambia kwamba nimemtoa Salomon kwa sababu shemeji yangu aliniomba, nitawatazama na macho gani? Michezo ya Kaniama na ya Base, yeye atatukuta hukohuko. Msimu ukiisha, siku hiyohiyo nitaweka sahihi, na wewe utakuwa na Salomon mpaka azeeke.

Usinikasirikie.

Philémon


Kamina, tarehe 16 mwezi wa sita 1957

Yaya Mujinga,

Nilirudia muzuri. Nilisikitika sana kukosa Philémon, sikujua kama siku ya Pentekoste atakuwa ku mitihani ya shule ya mbali. Nilitaka kuongea naye uso kwa uso.

Asante kwa yote ulinifanyia siku ile. Sitasahau. Philémon usimusumbue na maneno yetu, minyi mwenyewe nitamuandikia.

Mudogo yako,
Ambroise


Kinkondja, tarehe 10 mwezi wa saba 1957

Ambroise,

Salomon hakutukuta Kaniama. Tulimngoja kituoni mpaka saa ya mchezo. Tulipoteza tatu kwa mbili. Watu wa Kaniama wakatuambia kwamba mtu wetu anavaa jezi ya Nyota ya Reli, na kwamba Jumapili iliyopita aliwafunga Kabongo mara mbili.

Mimi sikuweka sahihi popote. Nimeandikia komite waniletee kopi ya karatasi waliyoipokea.

Ninangoja jibu lao. Na lako pia.

Philémon


Kamina, tarehe 5 mwezi wa nane 1957

Shemeji,

Unisamehe nimechelewa kujibu, kazi ilikuwa mingi. Musimu umeisha jana. Hii njo hesabu ya pointi: Kaniama kumi na sita, bamepanda. Nyota ya Reli kumi na ine. Kiboko kumi na tatu. Bukama munane, Kabongo sita, bafundi tatu.

Pointi moja, shemeji. Kwa timu ya mwaka wa kwanza, ni kitu ya kusifu. Hata prezida wa komite aliwasifu.

Sisi tunacheza baraji tarehe 8 ya mwezi wa kenda, mu Bukama, na Tai ya Kamina.

Prezida alisema balikutumia kopi ya karatasi ya Salomon, na haukuleta malalamiko, na siku za kulalamika zinakaribia kuisha. Nilipata moyo kusikia vile. Nilijua weye ni muntu wa kuelewa. Jamaa iko mbele ya mpira.

Ambroise


Kinkondja, tarehe 14 mwezi wa nane 1957

Ambroise,

Kopi niliiona. Sahihi ipo. Kashe ipo. Sina malalamiko ya kupeleka.

Hongera.

Ph. Kyabu


Kinkondja, tarehe 20 mwezi wa nane 1957

Ambroise, mudogo yangu,

Ninaandika hii barua ku nyumba ya rafiki, sababu kwetu sipati tena nafasi ya kukaa na moyo mutulivu.

Uniambie kama unajua kitu. Philémon hasemi na minyi. Iko juma ya tano sasa. Hapigi, hatukani, unajua hana vile. Anakula, anasema asante, anatoka. Barua zako anasoma peke yake ku shule. Kashe ya timu aliitoa mu sanduku yangu, akaipeleka ku shule, na funguo anaweka mufukoni. Jezi pia. Nilimuuliza: "Nani atafua?" Akajibu: "Tutafua sisi wenyewe."

Siku moja alikuwa anaangalia karatasi fulani, nilipoingia akaifunika. Akaniuliza: "Mujinga, mwandiko ya baba yako ilibaki mu mukono ya nani?" Nilifikiri ni masimulizi, nikacheka. Nikasema: "Tata alitufundisha wawili, minyi na Ambroise. Hata masista hawakuweza kutofautisha K yetu." Akasimama, akaenda ku maji. Hakurudia mpaka chakula ikapoa.

Kisha aliniuliza tena: "Ile Pentekoste, ndugu yako alikuja kuomba nini?" Nikasema: kula, kulala, kuona Suzanne. Ulinipa koti yako nikaishona kifungo, nikapika samaki, nikaenda ku kisima, nikarudia. Nini ingine? Akasema: "Hata sasa unasema vile." Sauti yake ilikuwa kama ya muntu yenye kufiwa.

Bachezaji banamulaumu juu ya kitu moja minyi sielewi. Banasema: "Mwalimu, lalamika!" Yeye anasema hapana. Mukubwa wa bavuvi alimuuliza mbele ya bantu kama reli ilimununua. Alisimama tu, Ambroise, muntu mwenye hakuiba hata chaki ya shule.

Minyi nilifanya nini? Kama kuna mutu alinisemea ubaya Kamina, uniambie. Ninafikiri kuchukua Suzanne nirudie kwa mama mbele ya mvua.

Dada yako,
Mujinga


Kamina, tarehe 25 mwezi wa nane 1957

Philémon,

Soma hii barua yote mbele ya kuipasula.

Mujinga hakuandika ile karatasi. Hakuiona. Hakuijua. Ni minyi.

Nilikuja Pentekoste kukuomba mara ya pili. Kweli, nilikuja na nia ya kuomba tu. Nilikuta hauko. Yaya alikwenda ku kisima. Sanduku yake ilikuwa wazi, sababu alikuwa ametoa uzi wa kushona kifungo yangu, na kashe ilikuwa pale juu ya jezi. Nilikuwa na karatasi mu mfuko. Nilipiga kashe. Niliporudia Kamina niliweka jina yako. Mukono yangu na ya Yaya ni moja, Tata alitufundisha na kijiti kimoja mu muchanga, sikufikiri hata mara moja kama utamuona yeye mu ile sahihi.

Nilipoona haulalamiki nilisema mu moyo: Philémon amenisamehe. Nilifurahi hata. Nilikula muzuri. Kumbe ulikuwa unamufichia muke yako kwa komite, na unabeba matusi ya bavuvi, na yeye anabeba kimya yako, na minyi nilikuwa ninashonesha jezi mupya ya baraji.

Barua ya Yaya ilifika jana. Leo baada ya misa nilikwenda kwa prezida wa komite, nikamuambia yote, mbele ya bakubwa batatu ba timu zingine. Prezida aliniuliza: "Kapenda, unajua maana ya hii unayosema? Timu yako iko ku baraji." Nikasema ninajua. Akauliza: "Nani anakulazimisha?" Nikasema hakuna.

Balikata shauri hivi. Michezo tatu ya Salomon imefutwa, tunapoteza pointi tano, tunabaki na kenda, nafasi ya tatu. Ninyi munakuwa ba pili. Baraji ni yenu, tarehe ileile, mu Bukama. Minyi ninafukuzwa mu mambo yote ya ligi miaka miwili. Salomon hachezi mpaka musimu mupya.

Salomon hakujua kitu. Nilimuonyesha karatasi, aliona jina yako, akasema: "Mwalimu ni muntu muzuri." Leo aliposikia, alinitazama tu, akatoka.

Ku depo bamenitoa mu chumba ya timu. Kiti yangu baliiweka inje, mu jua. Hakuna mwenye alinisalimu. Bazee ba reli, miaka saba tulitafuta hii baraji pamoja. Siwezi kubalaumu.

Sikuombe unisamehe. Ninakuomba uende sasa hivi kwa Mujinga.

Ambroise


Bukama, tarehe 9 mwezi wa tisa 1957

Ambroise,

Ninaandika hapa bandarini, tukingoja bato. Ninyi watu wa Kamina mtakuwa mmesikia matokeo, lakini nataka uyasikie kwangu.

Barua yako ilifika siku tatu tu kabla ya safari. Niliisoma darasani, wanafunzi wakiwa wameshika kalamu. Niliwaambia waandike chochote wanachotaka, nikatoka nje. Sikukasirika kwanza. Nilipata aibu kwanza. Wewe uliiba sahihi yangu, sawa. Lakini mimi, miaka tisa ninaishi na mwanamke, na kipande cha karatasi kilitosha. Nilikuta barua yako ya Pentekoste, ile ya "asante kwa yote ulinifanyia", nikasema: huu hapa ushahidi. Sikumuuliza waziwazi hata mara moja. Niliona kwamba kunyamaza ni kumlinda. Kumbe nilikuwa nimekwisha kumhukumu.

Nilijaribu kumwambia kabla ya safari. Nilisema tu: "Mujinga, nilikosa." Akaniuliza: "Ulikosa nini?" Wachezaji wakawa wananiita mtumbwini. Nikaondoka. Hilo pia ni kosa langu.

Sasa mchezo. Tai walitufunga mapema, kwa kichwa. Tukasawazisha. Wakatufunga tena. Zikiwa zimebaki dakika kumi, beki wetu wa kushoto, ambaye kila siku ninamkataza kuvuka katikati ya kiwanja, alivuka. Akapiga mpira kutoka mbali kama mtu anayetupa jiwe kwa hasira. Mbili kwa mbili. Walinirukia mgongoni nikaanguka na miwani yangu.

Mwamuzi alipopiga filimbi ya mwisho, tulingoja wacheze muda wa ziada. Hakuna. Katika baraji, sare ikitokea, timu ya juu inabaki juu. Iko katika sheria, ukurasa wa mwisho, mimi mwenyewe niliusoma mbele yao na hakuna aliyeukumbuka. Kwa hiyo hatukupoteza na hatukupanda. Wanaume wazima walikaa chini katikati ya kiwanja. Mkubwa wa wavuvi, yule aliyeniuliza kama reli ilininunua, alinisaidia kutafuta kioo cha miwani yangu katika nyasi.

Nilikuona, Ambroise. Upande wa goli la mto, umesimama peke yako na kofia mkononi. Ulipiga kelele tulipofunga. Nilitaka kuja, ukawa umekwisha kwenda.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kutoka ya Salomon. Sahihi ni yangu safari hii. Ipeleke kwa komite, au mpe mtu mwingine aipeleke kama hawakuruhusu kuingia. Kijana abaki na kazi yake na mpira wake. Anaoa mwezi wa kumi na moja.

Mimi na wewe tutaongea. Hasira bado iko, sitakudanganya. Lakini ulikwenda kwa prezida kwa miguu yako mwenyewe, na hilo ninaliweka mahali pake.

Philémon


Kinkondja, tarehe 15 mwezi wa kenda 1957

Ambroise,

Philémon alifika siku ya tatu ya juma. Bato ilipotua, tulikuwa banamuke karibu makumi mbili pale ku mutandao wa kuanika samaki, karibu na maji, tunapasula samaki ya kukausha. Bachezaji balishuka, bantu bakaimba hata kama timu haikupanda divizio. Yeye hakuimba. Alikuja moja kwa moja mbele yangu na shati yake nyeupe, kioo moja ya miwani imepasuka, akasema na sauti ya darasa, bote bakasikia:

"Mujinga, nilifikiri uliandika jina yangu ku karatasi ya Salomon. Haukuandika. Juma saba nilikuhukumu bila kukuuliza. Ninakuomba msamaha mbele ya hawa."

Minyi nilikuwa na kisu mukononi. Nilikamata samaki ingine, nikapasula. Nilikuwa na kitunga mbili mbele yangu na sikutaka kumupa jibu ya haraka, sababu juma saba si kitu ya haraka. Alisimama. Nilimaliza kitunga ya kwanza, iko anasimama. Kisha akaketi chini mu magamba, na ile shati, akaomba kisu kwa jirani, akaanza kupasula ya kitunga ya pili. Banamuke bakacheka sana, mwalimu anafanya kazi ya banamuke. Hakuinua macho. Aliharibu samaki tatu.

Nikamuambia: "Unapasula mubaya. Anzia ku mukia."

Ile njo neno yangu ya kwanza. Tulimaliza pamoja. Ku nyumba tuliongea mingi, mengine si yako kusoma. Sirudie kwa mama. Jezi alizirudisha, zilinuka vibaya sana, hao wanaume hawajui kufua.

Sasa weye. Philémon alinionyesha barua yako, yote. Ulimuandikia yeye. Prezida ulimuambia. Bakubwa batatu ba timu balisikia. Bazee ba depo banajua. Salomon anajua. Minyi, mwenye sanduku ilikuwa yangu, mwenye nilikwenda ku kisima kukutafutia maji ya kuoga, haukuniandikia hata mustari moja. Jina yangu iko mu ile barua mara mingi. Lakini hakuna mahali unaniambia minyi kitu.

Nilingoja siku ine, nikisema labda barua iko mu njia. Haiko mu njia.

Nilifikiri sana juu ya nini. Ninaona ulimuogopa Philémon kidogo, na komite kidogo, na minyi ulinihesabu mu bantu benye banasamehe peke yao, bila kuombwa. Tata pia alikuwa anafanya vile na mama. Minyi sitaki.

Usiniandikie. Barua imetufanya ya kutosha mwaka huu. Omba kongé, ruhusa ya kuacha kazi, panda treni mpaka Bukama, kisha bato ya siku ya ine ya juma. Nitakuwa ku mutandao. Kuja usimame pale alisimama Philémon, useme na kinywa yako mwenyewe, na bale banamuke basikie.

Kisha utakula. Nitapika.

Yaya yako,
Mujinga